Kiu ya Ndani: Mnyweo wa Saa za Mwanzo katika Zege la Uwezo wa Juu Sana

1. Utangulizi

Kila mwashi anajua kwamba zege hunywea. Anajua pia, kwa mazoea kuliko kwa kitabu, kwamba zege lililotiwa maji mengi hunywea na kupasuka kuliko lile lililotiwa maji machache. Kwa sababu hiyo huagizwa apunguze maji wakati wa kuchanganya na, zege likisha kushikana, alimwagilie au alifunike kwa magunia yaliyolowa. Kanuni hizo mbili zimesimamisha nyumba, shule na madaraja kwa vizazi kadhaa, wala hakuna sababu ya kuziacha pale zinapofaa.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 kumeenea zege la namna mpya ambalo kwalo kanuni hizo hazitoshi. Zege hilo lina maji machache mno, na ni hodari mara tano au zaidi kuliko zege la kawaida. Lakini linanywea sana, tena linanywea mapema, na linanywea hata likifungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, pasipo kupoteza tone moja la maji. Ajabu zaidi, kadiri maji yanavyopunguzwa ndivyo mnyweo huo unavyozidi.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa Kiswahili: asili yake, madhara yake katika saa na siku za mwanzo, na njia za kulizuia. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba ugumu wake kwa sehemu ni ugumu wa istilahi. Mambo matano yaliyo mbalimbali huitwa kwa jina moja, na jina likiwa moja, watu hudhani kwamba dawa nayo ni moja.

2. Zege hili ni la namna gani?

Zege la kawaida, ambalo mafundi wengi wa Kongo hulijua zaidi kwa jina la betoni, ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Meta moja ya ujazo huwa na saruji kilo 300 hadi 400, na uzito wa maji huwa karibu nusu ya uzito wa saruji, pengine zaidi. Likikomaa, huhimili mgandamizo wa megapaskali 20 hadi 40.

Katika zege la uwezo wa juu sana, kokoto huondolewa kabisa; punje iliyo kubwa kuliko zote mara nyingi haizidi milimeta moja. Saruji huongezwa hadi kilo 700 au hata 1,000 kwa meta ya ujazo. Huongezwa pia vumbi la silika, ambalo ni zao la pembeni la viwanda vya silikoni. Chembe zake ni ndogo kama mara mia kuliko chembe za saruji, nazo hujaza nafasi zilizobaki kati ya chembe kubwa. Maji hushushwa hadi takriban sehemu 20 kwa 100 za uzito wa saruji. Mchanganyiko mkavu kiasi hicho usingeweza kumiminika, lakini hutiwa kilainishi, yaani dawa inayozitenga chembe za saruji zisigandamane, na hivyo humiminika kama uji mzito. Mwisho huongezwa nyuzi fupi za chuma, kwa kawaida kama sehemu mbili kwa mia za ujazo wote. Nyuzi hizo huzuia zege lisivunjike ghafla kama kioo.

Zege lipatikanalo huhimili mgandamizo wa megapaskali 150 na zaidi. Vinyweleo vyake ni vidogo mno, hata maji na chumvi hupenya kwa shida kubwa. Njia yake ilifunguliwa nchini Denmark na Hans Henrik Bache, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kuonyesha jinsi ya kuzipanga chembe ndogo kati ya kubwa. Katika Ufaransa, Pierre Richard na Marcel Cheyrezy walilieleza zege lililotengenezwa kwa ungaunga mtupu katika makala yao ya mwaka 1995. Tangu hapo limetumika katika madaraja, katika kuta nyembamba za majengo, na katika kukarabati miundo iliyochakaa.

3. Neno moja, mambo matano

Wahandisi wa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, hutumia neno retrait. Neno hilo lina maana nyingi: kurudi nyuma, kutoa fedha benki, kujitenga, na pia kupungua kwa ukubwa wa kitu. Kiswahili kina utajiri wa namna nyingine. Jani la mti husinyaa. Nguo iliyofuliwa huruka. Mtu aliyeugua hukonda au hunywea. Miongoni mwa vitenzi hivyo, kunywea ndicho kinachofaa zaidi, kwa sababu kinataja kupungua kwa mwili mzima wa kitu, si kukunjamana kwa uso wake tu. Kutokana nacho hupatikana jina mnyweo kwa njia ileile ambayo pasuka hutoa mpasuko na lipuka hutoa mlipuko.

Yafaa kukumbuka kwamba umbo nywea ni pia kauli ya kutendea ya kitenzi kunywa. Kufanana huko hakuthibitishi lolote katika kemia, lakini kunasaidia kumbukumbu: katika zege hili, saruji inakunywa maji yaliyo ndani yake, na kwa kuyanywa, zege zima linanywea.

Minyweo inayopaswa kutofautishwa ni hii:

(a) Mnyweo wa ubichi. Hutokea zege likingali bichi, kwa sababu uso wake unapoteza maji hewani. Mwashi wa Lubumbashi anayemimina sakafu mwezi wa Agosti, hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma, anaufahamu vizuri: nyufa huonekana kabla ya jioni.

(b) Mnyweo wa kikemia. Maji na saruji zikimenyuka, zao lao huchukua nafasi ndogo kuliko ile iliyochukuliwa na vitu hivyo viwili kabla ya kuungana.

(c) Mnyweo wa ndani. Ni kupungua kwa umbo la nje la zege lenyewe, bila ya maji kutoka wala kuingia, na bila ya badiliko la joto. Huzaliwa na mnyweo wa kikemia, lakini si kitu kimoja nao, kama itakavyoonekana.

(d) Mnyweo wa kukauka. Zege lililokwisha kuwa gumu hupoteza maji hewani polepole, kwa miezi na miaka.

(e) Mnyweo wa kupoa. Mmenyuko wa saruji hutoa joto. Zege hutanuka likiwa moto, kisha hunywea linapopoa.

Katika zege la kawaida, mnyweo wa kukauka ndio mkubwa, na ule wa ndani ni mdogo kiasi kwamba vizazi vya wahandisi viliupuuza. Katika zege la uwezo wa juu sana, mambo yamegeuka. Mapendekezo ya AFGC, chama cha Kifaransa cha uhandisi wa ujenzi, hutoa makadirio haya pale ambapo hakuna majaribio: mnyweo wa ndani maikrometa 550 kwa kila meta, na mnyweo wa kukauka maikrometa 150 tu. Aliyekuwa mdogo amekuwa mkubwa, na mkubwa amekuwa mdogo. Ndiyo maana mtu anayesema "zege linanywea" bila kuongeza neno hajasema jambo ambalo fundi anaweza kulitendea kazi.

4. Jinsi zege linavyojikausha

Mfaransa Henri Le Chatelier alieleza mwaka 1900 kwamba saruji inapogeuka kuwa gumu, ujazo wa jumla wa maji na saruji hupungua. Nchini Marekani, katika miaka ya 1940, T. C. Powers na wenzake waliupima upungufu huo kwa makini: gramu 100 za saruji zikimenyuka kikamilifu, nafasi inayopotea ni takriban sentimeta 6 za ujazo.

Nafasi hiyo inapotea wapi? Zege likingali bichi, mchanganyiko wote hujikusanya tu na kujaza pengo. Umbo la nje hupungua sawa na upungufu wa kikemia. Lakini saa chache baadaye chembe hugusana na kuunganishwa na zao la mmenyuko, hata pakawa na kiunzi, kama miti ya nyumba iliyofungwa kabla ya kukandikwa udongo. Tangu hapo kiunzi hakikubali tena kuporomoka. Mmenyuko unaendelea, nafasi inaendelea kupotea, ila sasa inabaki ndani kwa umbo la vinyweleo vitupu. Hapo ndipo mnyweo wa kikemia na mnyweo wa ndani huachana: wa kwanza huendelea ulivyoanza, wa pili hubaki sehemu ndogo tu ya ule wa kwanza. Sehemu hiyo, ingawa ni ndogo, ndiyo inayopasua.

Vinyweleo vikubwa hutangulia kuwa vitupu, na maji yanayobaki hukimbilia vile vyembamba. Uso wa maji ndani ya kinyweleo chembamba huwa umebonyea, na hapo maji huzivuta kuta pande zote mbili. Mtu aliyewahi kubandika vioo viwili vilivyolowa anajua jinsi ilivyo vigumu kuvibandua. Utando mwembamba wa maji unatosha kuvifunga. Jinsi kinyweleo kinavyozidi kuwa chembamba ndivyo mvuto unavyozidi kuwa mkali. Wakati huohuo unyevu wa hewa iliyomo vinyweleoni hushuka. Kwa hesabu ya sheria ya Kelvin, katika joto la nyuzi 20, unyevu ukishuka hadi sehemu 90 kwa 100, maji yaliyobaki huwa yanavutwa kwa takriban megapaskali 14. Ukishuka hadi 80, mvuto hufikia megapaskali 30. Zege lingali changa na kiunzi chake hakijakomaa. Kikivutwa hivyo, hubonyea. Wataalamu huita hali hiyo kujikausha, kwa kuwa zege linakauka kama lililoachwa juani, ilhali maji hayajatoka popote.

Sasa yaeleweka kwa nini maji machache huzidisha mnyweo huu. Kwa vipimo vya Powers, saruji iliyofungiwa bila ya kupata maji ya nje huhitaji takriban sehemu 42 za maji kwa 100 za uzito wake ili imenyuke yote. Zege la kawaida lina kiasi hicho na ziada. Vinyweleo vyake ni vipana na hubaki na maji, kwa hiyo mvuto ni hafifu. Zege lenye sehemu 20 halitoshelezi hata nusu ya saruji iliyomo. Nusu nyingine hubaki kama unga uliogubikwa, usiopata cha kunywa. Hiyo ndiyo kiu ya ndani. Vumbi la silika huizidisha, kwa sababu huvifanya vinyweleo kuwa vyembamba zaidi. Na kokoto, ambazo katika zege la kawaida husimama kama mawe ya mafiga na kuzuia ujiuji wa saruji usibonyee, hapa hazimo.

5. Saa za mwanzo

Ikiwa meta moja inanywea maikrometa 550, bamba la meta kumi hupungua milimeta tano na nusu. Kiasi hicho peke yake si hatari. Zege lililo huru kunywea halipasuki, hupungua tu. Hatari huanza pale linapozuiwa: na kalibu yake, na nondo zilizo ndani yake, na zege la zamani lililo chini yake, au na sehemu yake yenyewe ambayo bado haijanywea. Kilichotaka kuwa kifupi hulazimishwa kubaki kirefu, na kwa hiyo huvutwa.

Ukakamavu wa zege hili likikomaa hufikia takriban gigapaskali 50. Kama mnyweo wote wa maikrometa 550 ungezuiwa katika zege lililokwisha kukomaa, mvuto ungekaribia megapaskali 27, ilhali zege lenyewe huhimili mvuto wa takriban megapaskali 8 hadi 10. Hesabu hiyo inatia hofu kuliko hali halisi. Sehemu ya mnyweo hutokea zege lingali laini, na hata likianza kuwa gumu huwa bado linajinyoosha taratibu chini ya mzigo, hivyo sehemu kubwa ya mvuto hulegea. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kwamba nafasi ya usalama ni ndogo, na kwamba mambo huamuliwa mapema.

Kwa kawaida saa za mwanzo hugawanyika katika vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza zege ni bichi. Kilainishi huchelewesha kushikana kwake, mara nyingi kwa nusu siku au zaidi, na katika muda huo mnyweo wa ubichi ndio adui. Zege la kawaida hutoa maji kidogo yanayopanda juu na kuulinda uso. Zege hili halitoi chochote, na uso wake hujifanya ngozi upesi. Katika kipindi cha pili zege linashikana: mmenyuko huenda mbio, joto hupanda, unyevu wa ndani huanza kushuka, na mnyweo wa ndani hukua kwa kasi yake kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Katika kipindi cha tatu, kinachoanza baada ya siku moja au mbili, joto limepanda na sasa linashuka. Mnyweo wa kupoa huongezwa juu ya ule wa ndani, katika zege ambalo limekuwa gumu lakini halijapata nguvu zake zote. Nyufa nyingi za mapema zina asili yake hapo.

Ufa wa aina hiyo waweza kuwa mwembamba kama unywele. Lakini zege hili huchaguliwa, licha ya gharama yake kubwa, kwa sababu halipitishi maji na chumvi. Ufa hufungua mlango ambao vinyweleo vilikuwa vimeufunga. Mjenzi aliyelipia ukuta usiopitisha kitu, kisha akauacha upasuke siku ya pili, amenunua kitu kingine kabisa.

6. Saa sifuri

Kupima mnyweo wa ndani kuna utata wake. Swali la kwanza ni: kipimo kianze lini? Kikianza zege lingali bichi, kitahesabu pia upungufu usio na madhara, kwa kuwa uji haupasuki. Kikianza baada ya saa 24, kama ilivyokuwa desturi ya zamani kwa zege la kawaida, kitaacha nje sehemu iliyo kubwa na iliyo hatari. Maabara mbili zaweza kupima zege lilelile na kutoa tarakimu zilizo mbali sana, pasipo yeyote kukosea katika kusoma kipimo.

Saa inayotafutwa huitwa saa sifuri: wakati ambapo kiunzi kimepata nguvu ya kutosha kubeba mvuto. Wengine huitambua kwa sindano inayopima kushikana. Wengine kwa mwendo wa mawimbi ya sauti ndani ya zege. Wengine kwa badiliko la ghafla katika mstari wa mnyweo wenyewe. Ili kupima tangu mwanzo, Ole Mejlhede Jensen na Per Freiesleben Hansen wa Denmark walibuni katika miaka ya 1990 bomba la plastiki lenye mikunjo kama ya akodioni, linaloufuata urefu wa ujiuji bila kuuzuia. Njia hiyo iliwekwa katika kanuni za Marekani mwaka 2009. Njia nyingine ni kumimina zege kuzunguka pete ya chuma: zege hunywea, pete hukataa, na mvuto uliomo husomwa kwa jinsi pete inavyobanwa. Bomba hueleza ni kiasi gani zege linataka kunywea. Pete hueleza kama litapasuka.

7. Madaraja mawili

Tofauti kati ya zege lililo huru na zege lililofungwa yaonekana wazi katika kazi mbili mashuhuri.

Ya kwanza ni daraja la waendao kwa miguu la Sherbrooke, katika Québec, Kanada, lililojengwa mwaka 1997 juu ya mto Magog. Lina urefu wa meta 60, na bamba la kupitia lina unene wa milimeta 30 tu. Vipande vyake viliumbwa kiwandani, vikatibiwa kwa mvuke wa nyuzi 90, kisha vikaunganishwa mahali pake kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Joto hilo huuharakisha mmenyuko wa saruji na wa silika, hata mnyweo karibu wote ukamalizika humo kiwandani. Kwa mujibu wa mapendekezo ya Kifaransa, zege lililotibiwa hivyo huhesabiwa kuwa halitanywea tena. Kwa maneno mengine, vipande viliachwa vinywee vikiwa huru, na vilipofungwa pamoja vilikuwa vimekwisha kutulia. Katika Chuo Kikuu cha mji huohuo, Pierre-Claude Aïtcin alikuwa miongoni mwa wataalamu waliosisitiza kwamba zege lenye maji machache lipewe maji ya nje mapema mno, kabla vinyweleo vyake havijajifunga.

Ya pili ni barabara ya juu ya Chillon, nchini Uswisi, kando ya ziwa Léman, yenye urefu wa zaidi ya kilometa mbili, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Zege lake la zamani lilipogunduliwa kuwa linashambuliwa na mmenyuko kati ya kokoto na saruji, liliimarishwa mwaka 2014 na 2015 kwa tabaka la zege la uwezo wa juu sana lenye unene wa takriban milimeta 45. Njia hiyo ilikuzwa na Eugen Brühwiler na wenzake wa Lausanne. Hapa hapakuwa na kiwanda wala mvuke kwa kilometa mbili, na tabaka jipya halikuwa huru hata kidogo: lilimwagwa juu ya zege la zamani lisilonywea tena, likashikamana nalo. Wokovu wa tabaka la namna hiyo hutoka katika nyuzi za chuma zilizo nyingi, zinazoliwezesha kunyooka kidogo bila ufa mmoja mpana kufunguka, na katika ule ulegevu wa siku za mwanzo ulioelezwa juu. Mnyweo haukuondolewa, ulivumiliwa.

8. Dawa na gharama zake

Dawa zinazotumika zaweza kupangwa kulingana na mahali zinapogusa.

Kwanza ni kuulinda uso. Zege lifunikwe kwa karatasi ya plastiki au kunyunyiziwa ukungu wa maji papo hapo, si kesho yake. Hilo huzuia mnyweo wa ubichi, nalo ni la lazima daima. Lakini halizuii mnyweo wa ndani. Zege likisha kushikana, vinyweleo vyake ni vyembamba mno, na maji ya nje hupenya milimeta chache tu. Katika kipande kinene, moyo wake hubaki na kiu hata kikizamishwa kisimani.

Pili ni kuyahifadhi maji ndani. Jensen na Hansen walieleza mwaka 2001 njia ya kutumia punje za plastiki zinyonyazo maji, za jamii moja na zile zilizomo katika nepi za watoto. Punje hunyonya maji wakati wa kuchanganya, zikawa visima vidogo vilivyotawanyika kila mahali; unyevu unaposhuka, huyarudisha. Gharama yake ni kwamba kila kisima kikikauka huacha shimo dogo, na nguvu za zege zaweza kupungua. Kokoto nyepesi zilizoloweshwa hufanya kazi hiyohiyo. Utafiti wa Delft, Uholanzi, umeonyesha kwamba majivu ya maganda ya mpunga, yakichomwa inavyostahili, yanaweza kushika nafasi ya vumbi la silika na kupunguza mnyweo wa ndani, kwa sababu chembe zake zina vitundu vinavyotunza maji. Jambo hilo lina maana kwa nchi zilimazo mpunga na zisizo na viwanda vya silikoni.

Tatu ni kuudhoofisha mvuto wenyewe. Kuna dawa zinazopunguza nguvu ya uso wa maji, kama sabuni ifanyavyo, hata kuta zikavutwa kwa nguvu ndogo. Mara nyingi hizo huchelewesha mmenyuko.

Nne ni kuujibu mnyweo kwa mtanuko. Huongezwa unga unaovimba unapomenyuka na maji. Kipimo lazima kiwe sahihi: ukiwa mchache hausaidii, ukizidi hupasua kutoka ndani.

Tano ni kutibu kwa mvuke, kama Sherbrooke. Ni dawa ya hakika, lakini inataka kiwanda, nishati na usafiri.

Hakuna hata moja inayofaa kila mahali. Ila kuna jambo moja ambalo halifai popote: kuongeza maji katika mchanganyiko kwa kudhani kwamba kiu huondolewa hivyo. Maji hayo hupanua vinyweleo, na pamoja na mnyweo wa ndani huondoka pia nguvu na uimara ambavyo kwa ajili yake zege hili lilibuniwa. Hitilafu iliyo kinyume chake, ya kuyapunguza maji zaidi ili zege "lisinywee", huukuza mnyweo uleule uliokusudiwa kuzuiwa.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mnyweo wa saa za mwanzo katika zege la uwezo wa juu sana si ule uliozoeleka ukiwa umeongezeka tu. Ni mnyweo wa asili nyingine: hautokani na maji yaliyokwenda hewani, bali na maji yaliyonywewa ndani. Kwa hiyo kanuni ya zamani haikuwa ya uongo. Ilihusu mnyweo wa kukauka, na katika mipaka yake ingali kweli. Hitilafu huingia pale inapohamishiwa mnyweo wa ndani kwa sababu tu majina yao hayakutenganishwa.

Hapo ndipo kazi ya mwanaisimu inapokutana na ya mhandisi. Kiswahili kina uwezo wa kuitaja minyweo hiyo mitano, kila mmoja kwa jina lake, kwa maneno ambayo mwashi asiyejua Kifaransa atayaelewa mara moja. Istilahi hizo zinahitaji kujadiliwa, kusahihishwa na kutumiwa, katika madarasa ya ufundi kama katika vitabu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Zege nalo huamuliwa likingali bichi, na anayelisimamia usiku ule wa kwanza anastahili kuambiwa, kwa lugha anayoifahamu, ni kiu ipi anayopaswa kuituliza.